Majivu Meupe ya Maharage

Kasulu, Jumapili jioni

Editha mwanangu,

Shuleni walitufundisha kuanza barua kwa kusema madhumuni yake ni kukujulisha kwamba mimi ni mzima wa afya. Uzima wangu umeuona mchana huu nilipokuwa nakukaripia kwa ajili ya begi, kwa hiyo hilo tuliruke. Sasa hivi umekwenda Kabanga kumuaga shangazi yako, na nyie wawili mkianza kucheka najua hamkumbuki kurudi. Huo ndio muda nilio nao. Kesho kituoni hutanisikia. Utakuwa unagombania siti ya dirishani na mimi nitakuwa nalia kama mjinga mbele ya makondakta. Afadhali niandike.

Usitafute humu habari za kula kwa wakati, kuanika nguo, wala wanaume wenye maneno matamu. Shangazi yako anakujaza hayo sasa hivi, na kwa hayo ya wanaume ana uzoefu kunishinda. Mimi nataka kukuandikia habari za majivu.

Cheka, umalize. Unakwenda kufanya kazi kwenye boila la kiwanda cha nguo huko upande wa Morogoro. Wamekuchukua kwa sababu umesomea ufundi chuoni, lakini pia kwa sababu kwenye usaili uliwaambia kwamba kwenu mama yako huchoma makaa ya mawe pamoja na maganda ya mazao. Uliniambia mwenyewe, tena kwa maringo, kwamba uliposema hivyo wale wazee wa kamati waliacha kuegemea viti. Wanataka kuanza kuchanganya pumba za mpunga na makaa yao, na wewe utakuwa karibu na moto huo. Na baba yako, tangu siku ulipoleta habari hiyo, amesema sentensi moja tu: "Mtoto wangu hatasimama mbele ya mlango wa moto." Basi, akafunga mdomo. Anakuitikia salamu na hakuna zaidi. Kesho unaondoka bila neno lake, na najua linakuuma kuliko unavyojionyesha. Jana nilikuona umesimama nje ya chumba chake na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa, hukuingia.

Mimi nimeamua uende. Nalisema mapema ili usisome barua hii ukitafuta mahali nitakapogeuka. Utakwenda. Ila hutakwenda na hadithi nusu.

Ulikuwa bwenini mambo yalipotokea. Ulipata vipande vipande, na kila mtu wa hapa ana kipande chake. Hata yule mama wa maandazi pale kituoni ana kipande, na katika kipande chake mimi nina pembe. Ngoja nikupe nzima, nikueleze kana kwamba hujui lolote, kwa sababu kuna mahali unadhani unajua.

Kiwanda chetu cha wanga wa muhogo kilianza kwa kuni. Muhogo unakunwa, unakamuliwa, wanga unakaushwa kwa joto la mvuke, na mvuke unatoka kwenye boila. Moto wa boila unakaa juu ya fito za chuma zilizoachiana nafasi, ili hewa ipande na majivu yaanguke chini. Vibali vya kuni vilipokuwa vigumu, meneja akaleta makaa ya mawe kwa malori. Mimi nilikuwa msimamizi wa boila. Baba yako alikuwa mchochea moto, yeye ndiye aliyelisha makaa na kuchokoa majivu. Yaani kazini mke anaagiza, mume anatenda. Yee! Mji mzima ulikuwa na la kusema. "Baba Editha, leo bosi wako ameamkaje?" Alikuwa anacheka nao. Mimi nilidhani anacheka kweli.

Makaa yalikuwa yanachelewa. Mvua ikiharibu njia huko yanakotoka, lori halionekani, na muhogo ukishakunwa haumsubiri mtu, unachacha. Ndipo nikakumbuka maganda ya maharage. Wewe umekulia hapa, unajua jinsi Kagerankanda inavyokuwa baada ya mavuno. Maharage yamepigwa, yamepepetwa, yamekwenda sokoni, na maganda na mabua yamebaki vichuguu vichuguu pembeni mwa mashamba, watu wanayawasha moto tu yaishe. Nikaona huo ni wazimu. Nikaongea na wakulima, wakaniambia chukua mama, utatusaidia.

Sasa sikiliza kilichoniponza, maana mtu wa Dar asingeponzwa na hiki. Bibi yako wa Kibondo, mama yangu, hakuyatupa majivu ya maganda ya maharage hata siku moja. Aliyatia kwenye chungu kilichotobolewa chini, akamwagia maji, na yale maji yaliyochuruzika yakawa ya kulainishia maharage makavu na kutia ladha kwenye mboga. Alitufundisha kuyapima kwa kidole. Jivu la gogo, la kijivujivu lenye vipande, hilo alimwaga shambani. Jivu jeupe, laini kama unga, hilo ndilo jivu safi, hilo ndilo la kuwekwa jikoni. Nimekula majivu hayo tangu nina meno mawili. Basi nilipoona yale meupe yanaanguka chini ya boila langu, moyo wangu ulifurahi. Nilisema, kitu tunachokila sisi na watoto wetu, kitamdhuru nani? Kitadhuru chuma?

Kulikuwa na injinia kijana, jina lake Hamza, aliyekuwa akija kukagua boila. Unamjua. Siku zile alikuwa mwembamba kama fito, na alivaa kofia ya plastiki hata akiwa anakula. Nilimwonyesha maganda yangu kwa fahari. Akachukua jivu jeupe, akalionja. Nikampenda kwa hilo. Akasema, "Mama, hii ni chumvi."

"Ndiyo, ni chumvi. Bibi yake Editha anaitumia."

"Chumvi hii ndiyo inayoyeyusha majivu kwenye moto mkali. Jikoni kwa bibi moto ni mdogo, haifanyi kitu. Humu ndani itafanya majivu yawe kama asali, kisha yawe kama chupa. Weka kidogo tu. Toroli moja la maganda kwa matoroli kumi ya makaa. Majivu ya makaa yana udongo ndani yake, huo udongo unaimeza chumvi. Ukizidisha bila kupima, udongo utashiba."

Nilimwitikia kwa heshima zote. Moyoni nikasema, mtoto wa juzi huyu, bado ananuka maziwa ya mama yake, ataniambia nini kuhusu majivu ya maharage mimi Muha wa Kibondo? Alikuwa sahihi, Editha. Sahihi kwa kila neno. Ningemsikiliza, leo ningekuwa naandika barua nyingine.

Tulianza na toroli moja kwa kumi, na mambo yakaenda vizuri ajabu. Moto unashika upesi, moshi umepungua, majivu yanaanguka yenyewe. Msimu mzima ukapita hivyo. Meneja akanisifu mbele ya watu. Nikajiona injinia, nikaanza kutembea nimeweka mikono nyuma. Kisha makaa yakachelewa tena, nikaweka matoroli mawili. Hakuna kilichotokea. Nikaweka matatu. Hakuna. Kila mara nilipozidisha na kitu kisitokee, nilizidi kuwa na uhakika. Nilidhani mchanganyiko ni kama uji wa ulezi na mahindi: ukiongeza kidogo, ladha inageuka kidogo, unaonja, unaacha. Majivu hayako hivyo. Jivu la makaa na jivu la maharage yakikutana motoni hayagawani tabia nusu kwa nusu. Yanavumiliana, yanavumiliana, na ukivuka mahali fulani ambapo hapana alama yoyote, yote yanalainika kwa pamoja. Siku lori lilipokosekana kabisa nikasema tuweke nusu kwa nusu.

Asubuhi ile moto ulikuwa mzuri sana, mweupe, unaimba. Baadaye nikaona chini ya fito hakuna kinachoanguka. Nikainama kutazama: pale ambapo kwa kawaida unaona wekundu unachungulia katikati ya fito, palikuwa peusi. Hewa haipiti. Juu, mabomba ya maji yamevaa gamba la majivu, kwa hiyo hata joto lililopo haliyafikii maji vizuri, na mshale wa kipimo cha mvuke unashuka. Unajua nilifanya nini? Nikaagiza maganda zaidi, kwa sababu ndiyo yanayoshika upesi. Moto unakufa kwa sababu ya maganda, na mimi natibu kwa maganda! Sina hata aibu ya kukueleza, nimeshaicheka mwenyewe mara nyingi, ingawa kicheko chake ni cha upande mmoja.

Hamza alikuwa ameacha sheria moja: majivu yakiganda, zima, subiri lipoe, ndipo uvunje. Lakini kule upande wa pili kulikuwa na muhogo umeshakunwa, umejaa kwenye matangi, na vijana wa muhogo walikuwa wameanza kuja kuuliza, mama vipi, mama mvuke. Ningezima, ungechacha wote. Nikamwambia baba yako, "Baba Editha, chokoa hivyo hivyo." Akachukua chuma kirefu, akafungua mlango, akachokoa.

Bonge la majivu yaliyoganda lilikuwa limening'inia juu, upande wa ndani wa mlango. Likaanguka juu ya moto, na moto na majivu na vipande vyekundu vikatoka kwa pamoja kama vimesukumwa. Sitakuandikia sauti yake. Tulimpeleka hospitali ya Kabanga amefunikwa kanga yangu. Mkono wake wa kulia unaujua ulivyo, vidole vimeshikana. Jicho la upande ule linaona mwanga tu. Walimhudumia kwa upendo, Mungu awabariki, na sista mmoja alikuwa akinipa chai nisiyoiomba. Mimi nilikaa kwenye benchi nimeshikilia kofia yake, na kila aliyepita nilimwona anajua ni nani aliyeagiza.

Niliporudi kazini, boila likiwa limepoa, niliingia mwenyewe na patasi. Nilikuta kioo. Kioo kabisa, Editha, kijani kama chupa ya soda, kimemwagika kati ya fito na kuzikumbatia. Ndani yake kulikuwa na mapovu madogo, mazuri. Kilinikasirisha kwa kuwa kizuri. Nilipiga mpaka viganja vikachubuka, na nikaapa kwamba sitaondoka kwenye kazi ile mpaka nielewe nimefanya nini. Watu walitegemea niache. Wengine walisema ni adabu niache. Lakini wahenga wana neno lao, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mimi nilikuwa nimevunja kikubwa kuliko koleo, kwa hiyo nilikuwa na deni la kujua.

Hapo ndipo wewe unapoingia. Ile likizo ya Desemba uliyokuja umenuna, huongei nami, unamlisha baba yako uji bila kunitazama. Nilikuburuta mpaka kwa mhunzi wa majembe kule nyuma ya soko. Ulidhani ni adhabu. Hamza alikuwa amenielekeza: chukua majivu ya makaa peke yake, ya maharage peke yake, na ya michanganyiko mbalimbali, yaloweke kidogo, yafinyange yawe kama vidole vyenye ncha, yapange kwenye kigae, kisha uyaweke kwenye moto wa mvukuto na utazame. Ulikataa kufinyanga. Kisha ukaona ninavyofinyanga vibaya, ukaninyang'anya.

Unakumbuka tulivyolala chali kwa kucheka? Kidole cha maharage kilikuwa cha kwanza, kikainama kama mlevi anayetafuta kiatu, kikalala. Cha makaa kikasimama wima mpaka mhunzi akachoka kuvuta mvukuto. Vile vya mchanganyiko mdogo vikasimama pia, vikakaza shingo. Halafu kile cha nusu kwa nusu, ambacho wewe ulibisha kitainama nusu, kikaanguka chote, karibu sawa na cha maharage. Ukaniita mama kwa Kiha chetu, "Mawe! Mbona hakikuinama nusu?" Hilo lilikuwa neno la kwanza ulilonisemesha tangu ufike. Siku ya pili ukaja na wazo lako mwenyewe, ukatia udongo mweupe wa mfinyanzi kwenye jivu lililoanguka jana. Likasimama. Si kama la makaa, lakini likasimama. Hamza alipoelezwa alikaa chini kabisa. Akasema ndicho kitu chenyewe, udongo unaishika chumvi kabla haijaleta madhara, na viwandani kwingine hufanya hivyo. Mpaka leo boila letu linakula maganda ya Kagerankanda kidogo, na ungaunga wa udongo kidogo, na kila mzigo mpya wa makaa ukija tunafinyanga vidole upya, kwa sababu makaa nayo hayafanani. Mengine yana udongo mwingi, mengine yana kutu ya chuma ndani yake na yanayeyuka haraka. Nimejifunza kutokuamini hata lori.

Watu wana methali, moto huzaa majivu, wakimaanisha mzazi hodari huzaa mtoto goigoi. Nimeisikia ikisemwa kuhusu sisi. Waliotunga hiyo hawakuwahi kusafisha boila. Wangejua jivu lina nguvu ya kuuzima moto uliolizaa, wangetafuta mfano mwingine. Wewe si goigoi. Una kichwa kigumu, una mikono inayofikiri, na nakupenda mpaka inanikera.

Sasa nikwambie kinachonitia hofu, na si moto. Jana ulisema, "Mawe, usijali, nitawaambia kwetu tunaweka moja kwa kumi." Nilinyamaza kwa sababu baba yako alikuwa anasikia. Usiwaambie hivyo. Moja kwa kumi ni ya maharage ya hapa, makaa ya lori letu, na boila letu bovu. Pumba za mpunga ni kitu kingine kabisa, sijawahi kuzichoma, jivu lake sijui likoje. Wamekuchukua wakiamini unajua. Hapo ndipo patakapokuwa pagumu, mwanangu: siku ya kwanza, mbele ya watu waliokuamini, kusema sijui, tupime kwanza. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimeshasifiwa. Sifa ile ilinifunga mdomo kuliko matusi yote ya mjini.

Na lingine. Mambo yakienda vizuri msimu mzima, usijipongeze, uliza ni nini kinachomeza. Kwenye boila ulikuwa udongo wa makaa. Nyumbani alikuwa baba yako. Alimeza utani wa sokoni, akameza amri zangu, akameza mimi kutembea nimeweka mikono nyuma, na kwa kuwa hapakutokea kitu, niliongeza. Hilo nimelielewa nikiwa nimechelewa sana. Nilimpenda siku zote, lakini kulikuwa na miaka ambayo sikumtazama.

Nilikuwa nimefika hapa ndipo akaingia. Naandika kama ilivyokuwa.

Alikuwa ametoka kwenye mizinga yake, ananuka moshi na asali. Akasimama.

"Unaandika nini muda wote huo?"

"Barua ya Editha."

"Soma."

"Si yako."

"Soma, Yustina."

Unajua haniiti jina. Mimi ni Mama Editha tangu ulipozaliwa. Nikasoma. Nilianza pale penye kiwanda, nikapita kwa Hamza, nikafika kwenye mlango wa boila. Alisikiliza ameugeuzia uso ukuta, upande wa jicho zima. Nilipomaliza akasema, "Umeandika uongo."

"Wapi?"

"Hapo unaposema uliagiza, nikachokoa."

"Si niliagiza?"

"Uliagiza. Lakini bonge nililiona." Akakaa kitandani. "Lilikuwa linaning'inia pale, jekundu, nimelitazama vizuri kabisa. Wewe ulikuwa upande wa mshale, usingeweza kuliona. Nilijua litaanguka. Nilitaka kukwambia tuzime. Lakini wale vijana wa muhogo walikuwa wamesimama nyuma yangu, na mmoja akasema, 'Haya baba, mama ameshasema.' Wakacheka. Nikaona nikibisha watasema Baba Editha anagombana na mke kazini. Nikitii watasema anatumwa. Nikaingiza chuma haraka haraka ili waache kunitazama."

Editha, nilishikwa na hasira. "Miaka yote hii! Unaniona ninavyojila moyo, unanyamaza?"

"Ningekwambia, ungeacha kujilaumu, ungeanza kunilaumu mimi." Akacheka kidogo, yule mwizi. "Halafu nilizoea unavyonihurumia. Mchuzi ulikuwa na nyama nyingi."

Nilitaka kumpiga na mwiko. Haki ya Mungu mwiko ulikuwa karibu. Badala yake nikalia, naye akaniacha nilie, akanipangusa kwa ule mkono wake wa vidole vilivyoshikana, ambao huwa hanigusi nao.

Nikamwuliza, "Sasa mtoto? Utamwacha aondoke hivi hivi?"

Akasema, "Kichwa ana cha kwako, hicho hakinitishi. Naogopa ana aibu yangu. Umemwona alivyosimama mlangoni na chai. Nilimwona. Aliogopa nitamkatalia, akarudi. Mtu wa namna hiyo, siku wakimcheka mbele ya moto, ataingiza chuma."

"Basi mwambie."

"Nitamwambia nini? Nikimtazama usoni nitamkataza."

Nikampa kalamu. Akaikataa. Nikaiweka mezani, nikamwambia mimi nakwenda kutia chumvi kwenye mboga. Nimerudi nimekuta ameishika kwa mkono wa kushoto, amebana ulimi kwenye meno kama mtoto wa darasa la kwanza, na anasema nimuachie nafasi chini ya karatasi, nisiijaze yote kwa maneno yangu mengi.

Kwa hiyo mimi naishia hapa. Nawasikia mnakuja, wewe na shangazi yako, sauti zenu zimefika kabla yenu. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi, uisome basi likishaiacha Kibondo, usinililie hapa nyumbani. Nenda ukafanye kazi, Editha. Nimesema.

Mama yako,
Yustina

Editha.
Mimi baba yako. Naandika na kushoto usinicheke.
Bonge likining'inia usiingize chuma. Zima moto. Kazi iharibike. Zima.
Watakucheka. Mimi walinicheka nikaogopa ndio maana mkono uko hivi. Sio mama yako.
Wakikucheka wewe geuka uwatazame halafu zima.
Chai ya jana niliitaka.
Nenda mama.